Kiapo Juu ya Giaboksi

Tarehe 9 Machi 1938, siku ya Jumatano, kaka yangu alifariki kwa homa nyumbani kwetu Kariakoo. Tumbo la mama lilituzaa sisi wawili tu, yeye akiwa mkubwa. Tulimzika siku ileile kabla ya alasiri. Masika yalikuwa yanaanza na udongo wa kaburi ulikuwa mzito, unaganda kwenye majembe.

Mimi nimesoma kidogo: chuo cha Kurani, kisha madarasa machache ya shule ya serikali. Sina ufundi wa kupamba maneno. Nitayaweka kama yalivyokuwa.

Kaka alikuwa dereva wa tajiri mmoja, Mwarabu mwenye duka la tende, samli na kahawa karibu na soko. Nasema Mwarabu kwa asili ya babu yake, maana yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa mjini na Kiswahili chake kilikuwa sawa na chetu. Gari lake alilinunua kwa Mzungu wa serikali aliyekuwa anarudi kwao, nalo halikuwa gari la kawaida. Magari mengine yote ya mjini, ukitaka kubadilisha gia unavuta mti mrefu katikati na kupambana nao. Hili lilikuwa na kijiti kidogo chini ya usukani. Unakisogeza kijiti kwenye gia unayoitaka, gari linanyamaza tu, linangoja. Ukifika wakati wako unakanyaga pedali ya kushoto, unaachia, na gari linaingia gia lenyewe. Watu walikuja kulitazama likiwa limesimama. Mzungu alipolitoa mkononi alimwambia tajiri neno moja: giaboksi hii asiiguse mtu asiyeijua. Tajiri naye akamwambia kaka, na kaka akaitikia.

Lakini gari lile lilikuwa na mvumo. Katika gia za chini lilivuma kwa sauti nyembamba ya juu, kisha likiingia gia ya mwisho linatulia kabisa. Lilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Kaka aliona haya. Alikuwa mtu wa kanzu safi na viatu vya kung'aa, na kila alipopita Mnazi Mmoja polepole kwa sababu ya watu, vijana walimpigia kelele: "Bwana dereva! Leo unasaga mahindi ya nani?" Mwingine anadakia: "Tuletee na sisi pishi moja!" Kaka alikuwa akicheka mbele yao. Akifika nyumbani hacheki.

Miezi michache kabla ya homa yake, mvumo ule ulikwisha ghafla. Gari likawa linapita kimya. Nilimuuliza amefanyaje, akaniambia limezoea hewa ya pwani. Nikamwamini, maana sikuwa na sababu ya kutomwamini. Baada ya majuma kadhaa kelele zilirudi, na safari hii hazikuwa mvumo. Zilikuwa kishindo na kusagika, gari linatetemeka likiondoka, na mara nyingine linavuma bila kwenda. Kisha homa ikamlaza.

Siku ya maziko, baada ya kaburi kufukiwa na dua kusomwa, mjomba wetu alisimama akasema kama inavyosemwa siku zote: marehemu alikuwa mwanadamu, alikaa na watu, aliyekosewa naye amsamehe, na mwenye neno naye aje kwetu sisi jamaa zake. Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Tajiri alikuwa amesimama mbele yangu, viatu mkononi. Midomo yake haikufunguka. Nilimtazama mpaka watu walipoanza kuondoka, na haikufunguka.

Jioni maneno yakaja matangani kutoka barazani kwa tajiri. Mtu alimuuliza, mbona ulinyamaza makaburini? Naye akajibu mbele ya waliokuwa wakinywa kahawa, "Mimi bado."

Mama aliyapata maneno hayo akiwa ndani na wanawake. Aliniita mlangoni. Hakulia. Alisema, "Mwanangu amelala na neno la mtu shingoni. Nenda kajue ni neno gani."

Nilikwenda asubuhi yake. Nilimkuta tajiri akipima kahawa.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Nimesikia una neno na kaka."

"Ninalo."

"Kama ni gari, bwana, sisi tutafanya kila njia litengenezwe."

Akaweka kata chini. "Sitaki fedha yako wala ya mama yako. Kaa hapo unisikilize. Gari liliponyamaza nilimuuliza kaka yako: umetia kitu humo ndani? Akasema hapana. Nikamuuliza mara ya pili, kwa sababu chuma hakinyamazi bure. Akaniapia. Wallahi, bwana, sikutia kitu. Aliapa akiwa amekaa kwenye kiti changu ameshika usukani wangu. Sasa gari linakufa, na yeye amekufa. Ama aliapa kweli, basi mimi nimemdhania mabaya mtu mwema, nami nitakwenda kaburini kwake nimwombe radhi. Ama aliapa uongo. Sasa wewe unataka niseme nimesamehe, na moyo wangu haujui unasamehe nini?"

Siku ile niliyaona maneno yale makali mno kwa watu waliokuwa bado wanalala kwenye mikeka ya matanga. Nilimwambia kaka hakuwa mtu wa kuapa uongo. Nilisema hivyo kwa nguvu, na wateja wakageuka.

"Basi lifunguliwe," nikasema. "Lifunguliwe mbele yako."

"Ewaa," akasema. "Na wewe ndiye utakayeliendesha kulipeleka. Hapa hakuna mwingine anayekijua hicho kijiti."

Ni kweli, kaka alinifundisha. Matanga yalipoanuliwa nilikaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza bila yeye kuwa pembeni. Tajiri alikaa nyuma. Alikuwa na mzigo wa tende forodhani, akataka tupitie Kivukoni kwanza, na mimi sikuweza kumkatalia. Tangu tulipotoka Kariakoo nilisikia chini ya miguu yangu kitu kama mawe yanayozungushwa ndani ya debe. Nilisogeza kijiti, nikakanyaga, nikaachia. Gari likanguruma, likasita, kisha likaruka mbele kama limesukumwa. Kwenye kioo kidogo cha kutazamia nyuma niliona shanga za tasbihi ya tajiri zikipita vidoleni mwake.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Mnazi Mmoja, watu walikuwa wengi njiani wakitoka sokoni na vikapu. Niliteremsha kijiti gia ya chini, nikakanyaga pedali. Haikushika. Iliurudisha mguu wangu kwa pigo ambalo sijapigwa hata na punda, goti likagonga usukani, na gari likawa halina gia wala haliko huru, linakwenda tu kwa uzito wake. Mbele yetu alikuwa mwanamke na mtungi kichwani. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari lilisimama, na maji ya mtungi yakatumwagikia kwenye boneti kwa jinsi alivyoshtuka.

"Mungu akulaani!" akasema yule mwanamke. "Mtatuua na mashine yenu!"

Nilimwomba radhi. Tajiri aliinama mbele akasema taratibu karibu na sikio langu, "Unasikia? Huyu kaka yako alikuwa anaendesha hivi hivi akiniambia hakuna kitu."

Nilikanyaga tena pedali, mpaka chini kabisa, nikairudia mpaka iliposhika. Kaka alinifundisha hivyo: usiikanyage nusu, itakupiga. Basi alijua kwamba inapiga. Wazo hilo lilinijia pale, nikalifukuza.

Fundi niliyemchagua alikuwa Gerezani, mwenye banda la makuti na malori mawili matatu yasiyotembea. Alikuwa Mnyamwezi na sisi ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Siku ya msiba alikuja akasimama katikati ya wafiwa akasema kwa sauti, "Huyu Mzaramo amekufa makusudi asinirudishie spana yangu! Mfungueni sanda, imo humo!" Wanawake walicheka na kulia kwa pamoja, na mama mwenyewe akamtupia kandambili. Ndivyo mtani anavyotakiwa. Nilimwona ni mtu wetu, ndiyo maana nikamchagua.

Lakini alipoona gari lile linaingia bandani kwake hakuja mbio.

"Gari hili mimi silijui," akasema. "Mpelekeeni yule fundi Singasinga kule juu."

"Wewe ulimjua kaka," nikasema.

"Nilimjua yeye. Giaboksi yake siijui."

"Fungua," tajiri akasema. "Mimi nitalipa kazi yako. Nataka macho yangu yaone tu."

Fundi alinitazama mimi, akajifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Kisha akaanza. Giaboksi ya gari lile hufunguliwa kwa juu, kutoka ndani, baada ya kung'oa mbao za sakafu. Tajiri alipewa kasha la kukalia penye upepo, maana ndani ya banda kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya taa. Mimi niliingia ndani ya gari nikamshikia fundi taa na spana.

Skrubu za kifuniko zilikuwa ngumu. Fundi alikuwa akifanya kazi bila kusema, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu huyu hakuwa mtu wa kufunga bolti moja bila kumtukana mtu. Nilijaribu kumchokoza.

"Leo Mnyamwezi umemezwa na nini?"

"Shika taa."

Akainua kifuniko. Mle ndani nilitarajia kuona mafuta mepesi, maana kaka aliwahi kuniambia kwamba gari lile linatiwa oili ya injini, nyembamba. Niliona uji mweusi mzito umejaa mpaka juu ya mikanda, pete za chuma zinazobana na kuachia gia. Fundi akachukua kitambaa haraka akakitandaza juu.

"Nenda kamwambie bwana mikanda imechakaa," akasema kwa sauti ya chini. "Si uongo. Imechakaa."

"Ondoa kitambaa."

"Sikiliza, mdogo wangu."

Nilikiondoa mwenyewe. Nilitia vidole. Ilikuwa grisi, na ndani ya grisi kulikuwa na kitu kinachokwaruza, chembechembe ndefundefu. Nilizisugua kwenye kiganja mpaka grisi ikabaki pembeni. Zilikuwa unga wa mbao.

Yeyote aliyeishi na malori ya siku zile anaijua dawa hiyo. Giaboksi kuukuu ikipiga kelele, unatia grisi nzito na unga wa mbao kutoka kwa seremala, meno yanapata mto wa kulalia, kelele zinakufa, na lori linauzwa au linafika Morogoro. Lori haliumii sana. Lakini gari hili halikuwa na meno ya kuingizwa na kutolewa. Lilikuwa na mikanda inayobana kama breki, na mikanda iliyolowa grisi haiwezi kubana. Haya nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba mtu alitia kitu.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Alinisihi," fundi akasema. Macho yake yalikuwa kwenye spana. "Alikuwa na harusi ya watu wakubwa, akaniambia ataingia nalo mpaka mlangoni kwa bibi harusi na gari linapiga kelele kama kinu cha mashine. Nikampa dawa ya lori. Nilidhani giaboksi ni giaboksi. Akaitia mwenyewe, mimi nimesimama hapo."

"Na lilipoanza kuharibika?"

"Alikuja tuitoe. Nikamwambia iache, itajisaga yenyewe. Akaogopa kumwambia bwana. Halafu akaugua." Akanishika mkono, grisi kwa grisi. "Nitaiosha sasa hivi kwa mafuta ya taa. Robo saa. Yule mzee hataona ila chuma. Ataamini aliapa kweli. Mama yako atalala. Maiti hawezi kujitetea, mdogo wangu. Mtetee wewe."

Tajiri alikohoa kule nje. "Vipi humo?"

"Bado skrubu moja, bwana!" fundi akapaza sauti.

Sitaki kusema kwamba nilifikiri mambo makubwa. Nilifikiri kuhusu mama. Nilijiona nikifika nyumbani, yeye yuko mlangoni, ananiuliza umeona nini, nami namjibu nimeona chuma kitupu. Sijawahi kuweza kumtazama mama nikamwambia jambo lisilokuwepo. Kaka ndiye aliyeweza, kwa vitu vidogovidogo, tangu utotoni, na mama alikuwa akicheka. Kisha nikamfikiria huyu mzee na viatu vyake mkononi, anainama juu ya kaburi kumwomba radhi mtu aliyemdanganya, na mimi nimesimama nyuma yake najua. Hilo lilinitisha kuliko lile la kwanza.

Fundi alikuwa ameshafungua chupa ya mafuta ya taa.

"Weka chini," nikasema. Nikatoa kichwa nje ya gari. "Bwana, njoo uone."

Nilisikia fundi akivuta pumzi kwa meno, kisha chupa ikagusa sakafu.

Tajiri alikuja polepole, akapandisha kanzu, akachungulia. Alitia kidole, akasugua, akanusa kama anavyonusa kahawa. Alikaa hivyo, mgongo umeinama, mpaka nikadhani anaumwa.

"Unga wa mbao," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Dawa ni yangu, bwana," fundi akasema. "Kwenye malori inafaa. Kosa langu."

"Sikukuuliza dawa. Wewe sikupata kukuuliza kitu. Nilimuuliza yeye." Akajifuta kidole kwenye kitambaa, kila upande. Nilitegemea atapiga kelele. Alinitazama mimi akasema, "Nilipenda iwe vingine." Akachukua mwavuli wake, akatoka kwa miguu kuelekea Kariakoo, na mvua ilikuwa imeanza. Hakuufungua.

Fundi aliosha giaboksi ile mpaka jioni.

Nilimweleza mama yote, kwa mpango wake, kuanzia pedali mpaka kidole cha tajiri. Sikupunguza. Alinisikiliza huku akichambua mchele, na mikono haikusimama. Nilipomaliza akauliza, "Aliapa kwa jina la Mungu?"

"Kwa jina la Mungu."

"Na alitia kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, mama."

Akachambua punje chache zaidi. "Kwa kuwaonea haya vijana wa Mnazi Mmoja," akasema. Basi.

Tulingoja tajiri aje au atume mtu. Hakuja. Ijumaa ilipita. Mama aliacha kula jioni. Alikuwa akisema ameshiba. Usiku nilimsikia akitembea uani. Majirani walikuwa wameshapata habari za unga wa mbao, sijui kwa nani, na walipotusalimu walishusha sauti, jambo ambalo hawakulifanya hata siku ya maziko.

Asubuhi moja akavaa buibui lake akasema, "Nipeleke dukani kwake."

"Mama, nitakwenda mimi."

"Wewe umeshakwenda."

Sokoni palikuwa pamejaa na njia ilikuwa tope. Tajiri alikuwa dukani na wateja, na barazani walikaa wazee wale wale wa kahawa. Mama hakupanda ngazi. Alisimama chini, njiani, watu wakimpitia kushoto na kulia.

"Nimekuja kumwombea radhi mwanangu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Alikuapia uongo. Nimeambiwa na nimeamini."

Tajiri akaacha mizani. "Karibu ndani, mama. Tusemee ndani."

"Hapana. Neno lako ulilisemea hapa barazani, mbele ya hawa. Nijibu hapa."

Mzee mmoja akaanza kusema, "Mama, subira—" na tajiri akamnyamazisha kwa mkono. Alishuka ngazi bila viatu mpaka kwenye tope. Ndevu zake zilikuwa na vumbi la kahawa. Nilidhani atasema anahitaji siku nyingine.

"Nimekaa siku zote hizi namtafuta mtu wa kumkasirikia," akasema, "na kila nikimpata ni yeye, na yeye hayupo. Nimemsamehe, mama. Kiapo na gari, vyote viwili."

"Mtaje," mama akasema. "Wajue ni nani."

Akamtaja kaka kwa jina lake na jina la baba yetu, kwa sauti ya mtu anayenadi bidhaa, akasema amemsamehe duniani na akhera. Wazee wa barazani wakaitikia. Nyuma yetu hamali alikuwa amesimama na mkokoteni wa nazi, amezibiwa njia na sisi, jasho linamtiririka, hajui linasemwa nini wala nani amekufa.

"Amina," akasema. "Haya, mama, nipisheni."

Tukampisha.